Kumtegemea Mungu na Kujitegemea: Uhakiki wa Kitenzi Kimoja katika Mimbari na Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Kitenzi -tegemea kina hukumu mbili katika Kiswahili cha umma cha Afrika Mashariki. Mimbarani, kumtegemea Mungu ni kilele cha maisha ya Kikristo na kujitegemea ni jina la kiburi. Katika lugha ya sera, kujitegemea ni fadhila na utegemezi ni ugonjwa unaohitaji tiba. Makala haya yanahakiki mgongano huo kwa kuangalia umbo la kitenzi, tafsiri ya sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi, lugha ya Uamsho wa Afrika Mashariki, mjadala wa miaka ya 1970 kuhusu misaada ya kimisheni, na kauli za umma za wakati wa UVIKO-19. Hoja inayotetewa ni kwamba mgongano huo haukutoka katika Maandiko wala katika Azimio la Arusha. Umezaliwa na mazoea ya kukitumia kitenzi hiki bila kuangalia yambwa yake.

Utangulizi

Msikilizaji wa Kiswahili anayekwenda kanisani Jumapili na kufuatilia hotuba ya bajeti mwezi Juni hukutana na kitenzi kimoja kilichobeba hukumu mbili. Kanisani huonywa asijitegemee, kwa kuwa anayejitegemea amemwacha Mungu. Bungeni husikia waziri wa fedha akisifu hatua za taifa kuelekea kujitegemea na kulalamikia utegemezi kwa wahisani. Aghalabu msikilizaji ni mtu yuleyule, na si ajabu waziri naye akawa mzee wa kanisa. Hakuna anayeona tatizo, kwa sababu kila uwanja umejengewa ukuta wake na inadhaniwa kwamba maneno hayavuki.

Lakini maneno huvuka. Huvuka pale mhazini wa usharika anapoeleza kwa nini paa la kanisa halijaezekwa. Pale mgonjwa wa kisukari anapoambiwa kwamba kuendelea na insulini ni dalili ya imani haba. Pale mshauri wa sera anapoandika, bila kufafanua, kwamba dini huwafanya wananchi wabweteke. Katika hali zote tatu yupo mtu anayetumia -tegemea, au mojawapo ya maneno ya ukoo wake, kana kwamba halihitaji maelezo. Uhakiki wa lugha hauwezi kuezeka paa wala kutibu kisukari. Unaweza, hata hivyo, kuonyesha mahali ambapo sentensi imeanza kudanganya.

Mwili ulioegemea

Kitenzi -tegemea kinakaa jirani sana na -egemea, kwa sauti na kwa maana; na -egemea ina uhusiano wa karibu na -egama, kitenzi cha kundi moja na inama na simama. Vitenzi vya kundi hilo hutaja mkao wa mwili. Hapo ndipo uchambuzi unapopaswa kuanzia, maana mwili unaoegemea haujalala. Mzee anayetegemea mkongojo anatembea kwa miguu yake mwenyewe; mkongojo unachukua ile sehemu ya uzito ambayo miguu haiwezi tena kuibeba. Akiacha kutembea, mkongojo unabaki kuwa kijiti tu. Kubebwa ni kitenzi kingine, na Kiswahili hakivichanganyi: mtoto mchanga hubebwa, hategemei mgongo wa mama yake.

Lugha za jirani zinathibitisha jambo hili kwa namna ambayo Kiswahili chenyewe kinaificha. Katika Kiganda, okwesigama ni kuegemea au kumtegemea mtu. Katika Kinyarwanda, kwishingikiriza hutumika kwa fimbo na hutumika vilevile kwa Mungu. Kwa umbo, maneno yote mawili yana kiambishi cha kujirejea, kilicho sawa na -ji- ya Kiswahili. Kwa tafsiri ya sisisi, anayemtegemea mwingine katika lugha hizo anajiegemeza kwake. Nafsi ya anayetegemea haijafutwa. Imo ndani ya kitenzi, ikitenda. Jambo hili lina uzito wa kihistoria pia, kama itakavyoonekana, kwa kuwa mafundisho ya kutegemea nguvu za Mungu yaliyoenea zaidi katika ukanda huu katika karne ya 20 yalipita kwanza katika Kiganda na Kinyarwanda kabla ya kuvaa Kiswahili.

Umbo la kujitegemea ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu hawezi kuegemea mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo maana halisi ya kitenzi hicho ni ya ukanushi: kujitegemea ni kutomwegemea mwingine, na kila kinapotumiwa kuna mwingine anayekanushwa bila kutajwa. Mwanasiasa anapolitamka neno hilo, anayekanushwa ni mfadhili wa nje. Mhubiri anapolitamka, anayekanushwa ni Mungu. Umbo ni moja, ukanushi ni wa aina mbili, na hakuna kinachomlazimisha msemaji kusema amekusudia upi. Kinyarwanda kimeepukana na mtego huu kwa bahati njema: neno la kisiasa la kujitegemea huko ni kwigira, lililosikika sana tangu kuanzishwa kwa mfuko wa Agaciro mwaka 2012, nalo halitokani na kitenzi cha kuegemea. Mchungaji wa Kigali akitaka kupambanisha sera ya nchi na imani, itambidi ajenge hoja. Mwenzake wa Mwanza au Nakuru amekwisha kujengewa na lugha, na ndiyo sababu mara nyingi hajengi.

Upo utata wa pili, mdogo kwa sura na mkubwa kwa madhara. Kitenzi -tegemea hutumika pia kwa maana ya kutarajia: mvua inategemewa kunyesha, serikali inategemea kukusanya kodi kiasi fulani. Katika maana hiyo yambwa si mtu anayeaminiwa, bali ni tukio linalongojewa. Utata huu utarejewa mwishoni.

Stakabadhi kutoka kifungoni

Katika mahubiri juu ya nguvu za Mungu, mstari wa 13 wa sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi ni miongoni mwa ile inayotajwa sana. Huandikwa kwenye vioo vya matatu na daladala, kwenye mabango ya saluni, na kwenye kadi za kuwatakia heri watahiniwa. Kwa kuandikwa hivyo umetengwa na jirani zake, na jirani zake ndio wanaoueleza.

Sura hiyo, kuanzia mstari wa 10 hadi wa 20, ni barua ya kupokea msaada wa fedha. Paulo yuko kifungoni. Kanisa la Filipi limemtumia mchango kwa mkono wa Epafrodito, naye anaandika kushukuru. Lugha yake imejaa maneno ya hesabu: kuna kutoa na kupokea, kuna faida inayoingizwa katika hesabu ya watoaji, na kitenzi cha mstari wa 18 ni kilekile ambacho Wagiriki wa wakati huo walikiandika katika stakabadhi za malipo. Mstari wa nguvu umekaa katikati ya stakabadhi. Anayeusoma kama ahadi ya ushindi katika kila mtihani na kila zabuni amekwisha kuukata kutoka kwenye karatasi ulimoandikwa.

Muhimu zaidi kwa mjadala huu ni mstari wa 11. Hapo Paulo anasema amejifunza kuwa autarkes katika hali yoyote anayojikuta. Neno hilo la Kigiriki, lililopendwa na wanafalsafa wa Kistoa, humtaja mtu anayejitosheleza, asiyehitaji kitu kutoka nje yake. Kama lingetafutiwa Kiswahili cha leo, neno la karibu zaidi lingekuwa ni kujitegemea. Mistari miwili baadaye mtu huyohuyo anasema kwamba uwezo wake wote umo katika Yule anayemtia nguvu, na mara baada ya hapo anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki katika dhiki yake. Kujitosheleza, kutiwa nguvu na Mungu, na kupokea msaada wa watu vimekaa pamoja katika mistari minne, na mwandishi haoni haja ya kuchagua kimoja na kutupa viwili.

Tafsiri ya Union ya 1952, ambayo ndiyo iliyolea masikio ya Wakristo wengi wa Kiprotestanti katika Tanzania na Kenya, ilichagua neno radhi. Tafsiri ya baadaye ya Habari Njema imebaki katika ukoo huohuo kwa kutumia kuridhika. Kama Kiswahili, uchaguzi huo ni mzuri kupita kiasi. Radhi ni neno lenye mizizi mirefu ya adabu na dini katika pwani, na limebeba utulivu wa moyo ambao neno la kiuchumi lisingeubeba. Kwa upande mwingine limemwondolea msomaji mshtuko uliokuwamo katika Kigiriki. Paulo alichukua neno la majivuno la wanafalsafa, neno la mtu asiyemhitaji yeyote, akalipindua kwa kulitegemeza juu ya mwingine. Msomaji wa Kiswahili haoni upinduzi wowote. Anaona mtu mpole aliyeridhika. Haitakuwa haki kuwalaumu watafsiri wa 1952, maana kujitegemea kulikuwa bado hakujawa neno la umma lenye uzito lililoupata baadaye. Lawama, kama ipo, ni ya wafafanuzi waliofuata, ambao wamehubiri mstari wa 13 kwa miongo kadhaa bila kuutazama wa 11.

Sarufi ya mstari wa 13 nayo inastahili neno moja. Katika Kigiriki na katika Kiswahili, mtendaji wa kuweza ni Paulo. Mungu hutia nguvu, Paulo huweza. Mahubiri mengi hugeuza mpangilio huo kimyakimya, Mungu akawa ndiye mwenye kuweza na mwamini akawa mtazamaji. Hiyo si imani kubwa zaidi. Ni sentensi nyingine.

Gahini na baada yake

Mafundisho ya kutegemea nguvu za Mungu yana tarehe na mahali katika ukanda huu. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika kituo cha Ruanda Mission ya CMS. Njaa kubwa iliyoikumba nchi wakati huo iliujaza uwanja wa hospitali watu waliokuwa wakifa. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na moyo, Church alikwenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja juu ya kazi ya Roho Mtakatifu, na mkutano huo umehesabiwa kuwa mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki. Kutoka Gahini na Buganda, Uamsho ulienea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, ukibeba msamiati wake: kuokoka, kuvunjika, kutembea nuruni, ndugu.

Chanzo hicho kinasimuliwa kwa kawaida kama kisa cha mtu aliyekwisha nguvu na kujazwa nguvu nyingine. Usimulizi huo ni sahihi, ila huachwa nusu yake ya pili. Church alirudi Gahini kutibu. Hospitali haikufungwa ili maombi yachukue nafasi yake. Iko mpaka leo. Yosiya Kinuka, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Uamsho, alikuwa mfanyakazi wa hospitali hiyohiyo. Uamsho uliofundisha kwamba mwanadamu hana nguvu zake mwenyewe ulianzia miongoni mwa watu wenye mikono iliyojaa kazi. Hili si pambo la historia; ni sehemu ya maana ya neno kama walivyolitumia.

Ushuhuda wa ndugu wa Uamsho una muundo unaotambulika kwa haraka. Msemaji hutaja jinsi alivyojitegemea, hutaja mahali alipovunjika, kisha hutaja anavyomtegemea Yesu sasa. Katika muundo huo kujitegemea ni dhambi bila mabishano. Aliyeusikia tangu utotoni, kisha akakutana na mabango ya siasa ya kujitegemea, alikuwa na sababu ya kutatizika. Lakini inafaa kuangalia ushuhuda huo ulizaa vitendo gani pale ulipobanwa. Katika Kenya ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, baadhi ya Wakikuyu wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine kati yao wakakataa pia kuchukua bunduki za serikali ya kikoloni. Walikuwa katikati ya pande mbili zenye silaha, wakiwa hawana chochote mkononi. Wengine waliuawa. Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Mshauri wa sera anayechukulia kumtegemea Mungu kuwa ni jina la adabu la kukaa kimya hana budi kuieleza barua ile.

Upande wa pili wa sarafu haufichiki. Nchi ya Gahini ndiyo nchi ya mwaka 1994. Ukristo ulioenea kiasi kile, na Uamsho uliokuwa na miaka zaidi ya sitini, havikuzuia mauaji ya kimbari, ingawa wapo ndugu waliokufa kwa kukataa kutengana na wenzao. Wanahistoria wa kanisa wataendelea kulijadili suala hilo kwa vipimo vyao. Kwa upande wa lugha, jambo moja linaonekana. Ushuhuda wa Uamsho una kiima cha umoja, mimi, na yambwa moja, Yesu. Haukuunda sentensi ya wingi ambayo kiima chake ni sisi na kitenzi chake ni -tegemeana, yaani sentensi ya watu wanaowajibika mmoja kwa mwenzake mbele ya dola. Ndugu walitegemeana kwa vitendo kuliko vikundi vingi vya wakati wao, wakivuka mipaka ya kabila. Hawakulipa jambo hilo jina, na jambo lisilo na jina ni vigumu kulifundisha kwa kizazi cha tatu.

Azimio, na mtu wa Uamsho aliyedai kujitegemea

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Sehemu yake ya kujitegemea husomwa leo kupitia mabango yake kuliko kupitia maandishi yake. Anayerudi kwenye maandishi atakuta kwamba kinachokanushwa kimetajwa wazi: ni fedha kama msingi wa maendeleo, na hasa fedha za kigeni, ziwe zawadi, mikopo au vitegauchumi. Badala yake yanatajwa mambo manne, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Taifa linalojitegemea katika Azimio si mtu anayejiegemea. Ni watu wanaoegemeana. Yambwa imetajwa, na Mungu hayumo katika orodha ya wanaokanushwa. Nyerere mwenyewe, Mkatoliki aliyejulikana kwa kuhudhuria misa, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa liwe upande wa maskini wanaojikomboa, na hoja yake aliijenga juu ya mafundisho ya Kikristo kuhusu hadhi ya mwanadamu.

Wazo lenyewe halikuwa geni kanisani. Katikati ya karne ya 19 Henry Venn wa CMS alikwisha kufundisha kwamba kanisa lililopandwa na wamisionari linapaswa kujigharimia, kujitawala na kujieneza. Yaani kujitegemea kulikuwa fundisho la kimisheni zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuwa siasa ya TANU. Ajabu ni jinsi makanisa mengi yalivyolipokea fundisho hilo kwa midomo huku yakiendelea kulishwa kutoka nje hadi baada ya uhuru.

Hapo ndipo kisa cha John Gatu kinapopata uzito wake. Gatu alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, na alikuwa ndugu wa Uamsho. Mwaka 1971, akizungumza Marekani, alipendekeza kwamba wamisionari na fedha za kigeni zisitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yajipate. Mkutano Mkuu wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliuunga mkono wito huo. Ghadhabu iliyofuata, Ulaya na Marekani na vilevile miongoni mwa Waafrika, ilikuwa kubwa. Wapinzani walisema kwamba kanisa ni mwili mmoja na viungo hutegemeana. Watetezi walisema kwamba kiungo kinacholishwa tu hudhoofika. Wote walikuwa na Maandiko.

Mtu aliyefundishwa na Uamsho kwamba hana nguvu zake mwenyewe ndiye aliyesimama kudai kanisa lake lisimame. Wanaochukulia kumtegemea Mungu na kujitegemea kuwa ni maadui wanalazimika kumhesabu Gatu kama mtu aliyegawanyika nafsi. Ufafanuzi mwepesi zaidi ni wa kisarufi: yambwa ni mbili. Kumtegemea Mungu kulikuwa ndiko kulikompa ujasiri wa kukataa kuitegemea hundi. Neno jitegemea likawa wito wa kanisa lake, na makao yake makuu Nairobi yanaitwa hivyo. Wapresbiteri wanaopita mlangoni hapo kwenda kuomba hawajaonekana kutatizika.

Wito wa Lusaka haukutekelezwa kwa ukamilifu. Baraza lililoupitisha lenyewe liliendelea kuendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za ng'ambo, na wakosoaji hawakuacha kulisema hilo. Udhaifu huo ni wa kweli, lakini haukuwa udhaifu wa wazo. Ulikuwa udhaifu wa kutofafanua, katika kila bajeti, ni egemeo gani linaondolewa na ni lipi linabaki. Mjadala unarudi leo kwa sura nyingine, pale misaada ya afya kutoka nje inapopungua na hospitali za makanisa zinaposalia na madai ya mishahara. Ni jambo la kusikitisha kwamba nyaraka nyingi za sasa zinaandika utegemezi kana kwamba ni tabia ya watu, si uhusiano kati ya pande mbili. Hata takwimu za sensa zimeingia katika mkumbo huo: kwa kipimo cha uwiano wa utegemezi, kila aliye chini ya miaka 15 na kila aliyevuka miaka 64 ni tegemezi, akiwemo bibi anayelea wajukuu watano na kulima shamba linalowalisha.

Kutegemea muujiza

Utata wa pili uliotajwa mwanzoni unaonekana zaidi katika matangazo ya mikutano ya injili ya mijini. Humo kumtegemea Mungu hugeuka polepole kuwa kutegemea muujiza, na kutegemea muujiza hugeuka kuwa kutegemea kupokea nyumba, mume au visa. Kiambishi -m- cha mtendwa mwenye uhai kimeanguka njiani. Kilichokuwa ni kuegemea kwa mtu unayemwamini hata asipokupa unachotaka kimekuwa ni kungojea kitu. Mhubiri hajasema uongo wowote unaoweza kunukuliwa. Amebadilisha maana ya kitenzi huku akiliacha umbo lilelile, na sadaka hukusanywa katika nafasi iliyo kati ya maana hizo mbili. Ikumbukwe kwamba Paulo, katika sura ileile ya Wafilipi, alisema anajua kushiba na kuona njaa. Hakuahidiwa kimoja tu.

Wakati wa UVIKO-19 mteremko huo ulihama kutoka mikutano ya injili hadi Ikulu. Machi 2020 Rwanda, Uganda na Kenya zilifunga nyumba za ibada. Tanzania iliziacha wazi, na Aprili 17 hadi 19 rais wake aliitisha siku tatu za maombi ya taifa. Baada ya mwisho wa mwezi huo takwimu za maambukizi zilikoma kutolewa, na Juni ilitangazwa kwamba nchi imeondokana na ugonjwa kwa nguvu za Mungu. Wachambuzi wengi wa nje waliona hapo mgongano wa imani na sayansi, na wengi wa ndani waliona ushujaa wa taifa lililokataa kuamrishwa. Wote walipitwa na jambo dogo la lugha. Katika hotuba za kipindi hicho kumtegemea Mungu na kujitegemea viliunganishwa kwa mara ya kwanza kwa nguvu kiasi kile: taifa linalomtegemea Mungu ndilo taifa lisilowategemea mabeberu. Muungano huo haukuwa na kasoro kwa umbo. Gatu alikuwa amesema jambo linalofanana nao. Kasoro ilikuwa katika kitenzi cha tatu, ambacho hakikusemwa. Anayeegemea anaendelea kutembea, na kutembea katika jambo hili kulikuwa ni kupima, kuhesabu na kutangaza.

Sahihisho lilitoka ndani ya lugha ya imani yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini likiwataka waendelee kuomba na wakati huohuo wachukue tahadhari zote, kwa kuwa nchi yao haikuwa kisiwa. Maaskofu hawakuhitaji kuazima msamiati wa Shirika la Afya Duniani ili kusema hivyo. Walirudisha tu upande wa sentensi uliokuwa umeachwa, ule wenye mwanadamu kama mtendaji.

Kwa wanaoandaa vitini vya elimu ya afya na miongozo ya fedha inayosambazwa kupitia makanisa, hatua ya kwanza si kuandika aya za kukanusha maombi. Vitini vya namna hiyo huishia kufungia maandazi. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba kila mahali panapotokea tegemea, jitegemea au utegemezi, yambwa imeandikwa: nani anamwegemea nani, katika jambo gani, na mwenye kuegemea anafanya nini wakati ameegemea. Watafsiri na wahariri wa Biblia nao, kila toleo linapopitiwa upya, wana nafasi ya kuweka tanbihi moja chini ya Wafilipi 4:11, ikieleza ni neno gani la Kigiriki lililokaa nyuma ya radhi. Itachukua mistari miwili ya herufi ndogo.